‘Mwili umezoea’: Mapafu ya Malaba hukumbuka, kisha husahau

Ukikaa Malaba siku mbili tu utaisikia hii kauli: “Mimi hiyo nishapata, mwili umezoea.” Dereva wa trela anayekohoa huku akingoja karatasi zake zitoke anaisema. Tanboi aliyelala chini ya lori usiku kucha, mvua ikinyesha, anaisema. Mama wa chapati anaisema akijipangusa kamasi kwa leso kabla ya kurudi kwa unga wake. Msee wa boda anaisema akiwa na abiria wawili na gunia la mahindi. Na bosi wa yule dereva, aliye ofisini Mombasa au Nairobi, anaisema pia kwa simu, ila yeye anamaanisha kitu kingine: mzigo usilale.

Kauli hiyo si ya kuchekwa. Nusu yake inakubaliana na maabara kabisa. Nusu ya pili ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu ndiyo inayotumiwa kila siku kwenye huu mpaka kumsukuma mtu mgonjwa arudi kazini, na wengi tunaoisukuma ni sisi vijana wenyewe. Kulala nyumbani kwa sababu ya kikohozi huku kwetu kunaonekana ni ulegevu. Ati homa tu.

Kwanza tukumbushane mpaka wenyewe, kwa wale mnaoujua kwa habari za magendo peke yake. Barabara inayotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na mashariki mwa Congo hupitia Malaba, na sehemu yake Busia, mwendo wa kama kilomita thelathini kusini. Neno bodaboda linalotumika sasa Afrika Mashariki nzima lilizaliwa kwenye mpaka huu, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kati ya ofisi za Kenya na za Uganda. (Busia wanasema neno ni lao, Malaba wanasema ni lao. Mimi ni wa Busia, kwa hivyo msimamo wangu mnaujua.) Februari 2018 Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikuja Busia kufungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, ili msafiri na mzigo wakaguliwe mara moja badala ya mbili. Ilisaidia sana. Lakini bado ni mahali ambapo watu wa nchi nne au tano hungoja pamoja, wakila kwenye vibanda vile vile na kupumua hewa ile ile.

Kisha ikaja 2020. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa Machi 13, na kufikia Mei madereva wa masafa marefu walikuwa wamegeuzwa kuwa sura ya ugonjwa wenyewe. Uganda haikutaka dereva avuke kabla matokeo yake hayajatoka. Aliyepatikana na virusi alirudishwa alikotoka. Sampuli zilipelekwa maabara ya KEMRI pale Alupe, kilomita chache kutoka mjini Busia, na kungoja majibu kukawa ndiyo maisha. Trela zilipanga foleni ya makumi ya kilomita. Watu wakapika, wakafua, wakaugua na wakapona kwenye hiyo foleni. Kuna vibanda vilivyokataa kumuuzia dereva hata chai. Mtu alikuwa akiitwa “Korona” mchana kweupe, na wanaomwita hivyo wanasubiri kwa hamu mafuta na mchele alioubeba.

Oktoba mwaka huo watafiti wakapima damu ya madereva wa masafa marefu na wasaidizi wao hapa nchini. Asilimia 42.3 walikuwa na kingamwili za korona. Yaani zaidi ya wanne kati ya kila kumi walikuwa wameshakutana na kirusi, wengine bila hata kujua. Linganisha na wahudumu wa afya waliopimwa katika utafiti mwingine nusu ya pili ya mwaka ule ule: Nairobi walikuwa asilimia 43.8, lakini hapa Busia walikuwa karibu asilimia 12 tu. Dereva wa lori alikuwa amekutana na ugonjwa kwa kiwango cha muuguzi wa Nairobi, bila glavu, bila gauni la hospitali na bila mtu wa kumpigia makofi saa mbili usiku.

Kwa hivyo kama kuna watu nchini wenye haki ya kusema “mwili umezoea”, ni wao. Swali ni mwili ulizoea nini hasa, na kwa muda gani.

Kinga ya mwili ina vikosi tofauti. Kikosi tunachokijua wengi ni kingamwili, zile protini zinazoelea kwenye damu na kwenye ute wa pua, zinazokishika kirusi kwa nje kabla hakijaingia ndani ya seli. Hizo ndizo walizopimwa madereva. Lakini kuna kikosi kingine ambacho ukitoa damu mkononi hukioni vizuri. Ni seli T za kumbukumbu zinazoishi ndani ya mapafu yenyewe. Vita vikiisha, hizi hazirudi kambini kuzunguka kwenye damu na wenzao. Zinajibanza kwenye kuta za njia za hewa na kubaki pale zikingoja.

Hebu fikiria maafisa wawili wa forodha waliowahi kulikamata lori moja la magendo. Mmoja alihamishiwa Times Tower, Nairobi. Ukimpigia simu atakuja, na anajua kazi, lakini akifika mzigo ushauzwa Jinja. Mwingine aliachwa pale pale getini, na lile lori analijua hata kwa mlio. Seli T za mapafuni ndizo huyu wa getini. Kinga inayoanza kazi kwa mara ya kwanza huhitaji siku nyingi, wakati mwingine wiki nzima, ndipo ipate nguvu. Huyu wa getini huanza kupiga kelele ndani ya saa chache: anaua seli zilizokwisha kutekwa na anaita wenzake waje.

Kitu kingine kinachonifurahisha kuhusu hizi seli ni kile zinachokitazama. Kingamwili hutazama zaidi gamba la nje la kirusi, na gamba ndilo linalobadilika haraka, mwaka hadi mwaka. Ni kama lori kupakwa rangi mpya na kubandikwa namba nyingine. Seli T huweza kutambua vipande vya ndani vya kirusi, ambavyo kwa kawaida hubadilika polepole zaidi. Zinasoma namba ya chesisi. Ndiyo maana mtu anaweza kuambukizwa aina mpya ya mafua au ya korona, kingamwili zake zikapigwa chenga, na bado asiugue sana.

Haya si maneno ya kijiweni. Mwaka 2015 watafiti wa Imperial College London walichapisha matokeo ya jaribio ambapo watu wazima wenye afya njema, waliojitolea wenyewe, waliwekewa puani kirusi kinachoitwa RSV. Kwa mtu mzima RSV mara nyingi ni mafua ya kawaida. Kwa mtoto mchanga ni mojawapo ya sababu kubwa za nimonia. Kabla ya kuwaambukiza, watafiti walichukua seli kutoka ndani ya njia zao za hewa. Waliokuwa na walinzi wengi wa RSV waliokaa pale tangu zamani waliugua kidogo na kirusi kilikuwa kichache. Nako New York, timu ya Donna Farber wa Chuo Kikuu cha Columbia ilichunguza mapafu ya watu waliofariki na kutoa viungo, ambao walikuwa wamewahi kupata korona, ikakuta seli za kumbukumbu ya kirusi hicho zimekaa mapafuni na kwenye tezi za limfu za jirani miezi kadhaa baadaye.

Kwa hivyo, buda, mwili unazoea. Hapo hatubishani.

Tatizo ni kwamba mapafu yana tabia ya kusahau. Kwenye panya wa maabara walioambukizwa homa ya mafua, hawa walinzi wa mapafuni hupungua vibaya baada ya miezi michache, wakati wenzao wanaokaa kwenye ngozi hudumu muda mrefu sana. Kwa nini? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni haya: pafu ni kiungo chenye ngozi nyembamba ajabu, kazi yake kupitisha hewa kuingia kwenye damu. Ukijaza askari wenye silaha kwenye chumba kama hicho kwa miaka, siku moja watagombana wao kwa wao na mwenye nyumba atakosa pumzi. Mwili unaonekana kuchagua kupunguza ulinzi ili uendelee kupumua. Sioni kosa katika uamuzi huo, lakini unamaanisha kwamba kinga uliyopata Januari inaweza kuwa imepwaya ikifika mvua ya Novemba.

Sasa hapa ndipo msee wa Malaba ananikatiza: “Si ndiyo maana tunapata kila wakati? Tunaikumbusha.” Na kusema kweli ana hoja kuliko anavyojua. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliokutanishwa na kirusi cha mafua mara kadhaa walibaki na walinzi wa mapafuni kwa muda mrefu zaidi kuliko waliokutana nacho mara moja. Marudio huongeza kumbukumbu. Lipo, limeandikwa.

Ila yule panya alikuwa ndani ya kizimba safi, akapewa kipimo kilichohesabiwa, akalala pakavu na kula saa zake. Hakuwa na shinikizo la damu ambalo hajawahi kulipima. Hakuwa anaishi na HIV na kukosa dawa kwa sababu alikwama upande wa pili wa mpaka. Na watafiti hawakuwahesabia panya wao gharama ya kila ambukizo: wiki ya kukosa mshahara, pafu lililochubuka, nimonia ya bakteria inayoingia baada ya mafua kufungua mlango. Mtu anayejiambukiza makusudi ili azoee anakopa kwa riba asiyoijua.

Tena binadamu si wepesi kukumbuka kama tunavyojisifu. Kuna jaribio la zamani la Marekani lililochapishwa mwaka 1991: watu wazima 15 waliokwisha kupata RSV waliwekewa kirusi hicho tena na tena. Miezi miwili tu baada ya ugonjwa wao wa kwanza, karibu nusu yao waliambukizwa tena. Miezi miwili! Muda ambao trela moja inaweza kwenda Kigali na kurudi Mombasa mara kadhaa.

Na hatuna haja ya kwenda mbali. Watafiti wa KEMRI na Wellcome kule Kilifi wamefuatilia virusi vya njia ya hewa kwa miaka mingi, nyumba kwa nyumba, wakichukua sampuli za pua za watu wagonjwa na wazima. Walipokiangalia kirusi cha NL63, ambacho ni binamu mpole wa korona na kilikuwepo duniani kabla ya hiyo ya 2020, waliona jambo ambalo wao wenyewe waliliita la kutotarajiwa. Kuna watu waliopata kirusi hicho zaidi ya mara moja, na baadhi yao walikuwa na kirusi kingi zaidi mara ya pili kuliko ya kwanza. Walipotazama ukoo wa virusi hivyo kwa kina, hawakukuta kwamba kirusi kilibadilika kuwa cha ukoo mwingine. Lori lile lile, rangi ile ile, likapita geti lile lile.

Sasa soma hiyo pamoja na ile ya London. Kumbukumbu ya mapafu ni nzuri sana katika kukuzuia usiugue vibaya. Katika kukuzuia usiambukizwe na usiambukize, ni dhaifu, hasa muda ukishapita. Pua na koo vina ulinzi wake, na huo nao hupungua. Kwa hivyo mtu “aliyezoea” ni mtu anayeweza kubeba kirusi akiwa na kikohozi cha siku mbili, akameza dawa ya kutuliza maumivu, akaendelea na kazi, na kirusi kikaendelea na safari yake.

Safari inaishia wapi? Kilifi tena. Kati ya mwisho wa 2009 na katikati ya 2010 walifuatilia nyumba zenye watoto wachanga kutafuta nani huwaletea RSV. Zaidi ya nusu ya watoto walioambukizwa walipata kirusi ndani ya nyumba zao wenyewe, na walioongoza kukileta walikuwa ndugu zao wakubwa, hasa wale wanaokwenda shule. Watoto ambao walikuwa na mafua tu. Hawakulazwa, hawakulalamika sana, pengine walicheza mpira jioni ile ile.

Mimi nikisoma hivyo nafikiria Burumba na Marachi hapa Busia, na vile vyumba vya kupanga kule Malaba, chumba kimoja pazia katikati. Tanboi anarudi saa nane usiku baada ya siku tatu barabarani. Mtoto ana miezi miwili. Mapafu ya baba yana walinzi wa kutosha, kwake ni kamasi tu. Mapafu ya mtoto hayajawahi kukutana na chochote, na njia zake za hewa ni nyembamba kama mrija wa soda. “Mwili umezoea” ni kweli kwa mwili mmoja tu kwenye hicho chumba.

Halafu kuna moshi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona tumezembea zaidi.

Mwaka 2022 timu ile ile ya Columbia ilichapisha utafiti mwingine uliotazama tezi za limfu za watu 84 waliotoa viungo, wa umri wa miaka 11 hadi 93. Tezi za limfu ndizo kambi ambako seli za kinga hukutana, hupeana habari na kufundishana. Walikuta kwamba kadiri mtu anavyozeeka, tezi za mapafuni huwa nyeusi. Zinajaa chembechembe za uchafu wa hewa alizovuta maisha yake yote. Tezi za tumboni za mtu huyo huyo zilibaki na rangi yake ya kawaida. Na makrofaji, yaani zile seli zinazomeza takataka na wadudu, zikishajaa chembechembe hizo zilikuwa dhaifu: zilimeza kidogo na hata ishara za kuita wenzao zilikuwa hafifu.

Hao ni watu wa Marekani. Wengi wao hawakuwahi kulala wiki nzima katikati ya malori mia yaliyowashwa.

Pita kwenye foleni ya Malaba usiku uone. Injini zinanguruma ili betri isife, au kwa sababu kila nusu saa foleni husogea mita ishirini na hakuna anayetaka kupitwa. Moshi wa dizeli unatanda chini kwa chini kama ukungu. Pembeni mama anachoma mahindi kwa makaa, mwingine anakaanga samaki kwa kuni mbichi, na nyuma ya kibanda kuna lundo la plastiki linalochomwa kila jioni. Katikati ya hayo yote kuna vijana wa rika langu wanaouza maji, njugu karanga na kadi za simu, dirisha hadi dirisha, saa kumi na mbili kwa siku. Wana miaka 19, 22. Kwa utafiti ule, uchafu huo hauishii kwenye kikohozi cha asubuhi. Unahamia ndani ya kambi ya kinga yao na kukaa humo miaka.

Na huyo ndiye tunayemwambia mwili wake umezoea.

Serikali zetu mbili zimeonyesha kwamba zikitaka, zinaweza kusimamisha huu mpaka kwa jina la afya. Zilifanya hivyo 2020. Januari 2022 Uganda ilipotaka kila dereva apimwe na kulipia dola 30, madereva wa Kenya wakagoma, foleni ikarudi ndefu hadi kuingia Kaunti ya Bungoma, petroli ikapanda bei Kampala, na baada ya siku kadhaa sharti la malipo likaondolewa. Sipingi upimaji. Lakini nguvu yote hiyo ilikwenda kwenye swali moja: je, leo pua yako ina kirusi? Na upimaji wenyewe ukawa unawalaza watu wiki nzima kwenye foleni, bega kwa bega, katika moshi. Hakuna aliyeuliza mapafu yenyewe yako katika hali gani, na cheti cha upimaji hakiwezi kukuambia.

Kuhusu chanjo, najua tayari kuna mtu ameshaandaa maoni. Ndiyo, ni kweli kwamba sindano ya mkononi huamsha zaidi kingamwili za kwenye damu na huacha walinzi wachache ndani ya mapafu kuliko ugonjwa wenyewe unavyoacha. Utafiti wa 2022 ulilinganisha waliochanjwa korona na waliopona ukaona hivyo. Ndiyo maana watu wanahangaika kutengeneza chanjo za kupuliza puani. Lakini ukilitumia hilo kukataa sindano unasahau upande wa pili wa hesabu. Chanjo ya korona ilizuia watu kufa, na haikumtaka mtu yeyote apitie chumba cha oksijeni kwanza ili apate kinga yake. Ninachokilalamikia mimi ni kingine: chanjo ya mafua, ambayo ingemfaa mtu anayekutana na mataifa matano kwa siku, huku ukiitaka mara nyingi ujilipie mwenyewe. Mtu wa forodha na dereva wa trela wangekuwa wa kwanza kwenye orodha kama orodha hiyo ingeandikwa na mtu aliyewahi kulala Malaba.

Ninachotaka hakihitaji maabara. Nataka injini zizimwe kwenye foleni, na nataka foleni ipangwe kwa namba ili dereva anayezima asipoteze nafasi yake. Wabadilishaji pesa wetu hapa wanajua kupanga wateja kwa vipande vya karatasi. Sioni kwa nini mamlaka mbili zenye kompyuta zishindwe. Vyumba vya kungojea viwe na madirisha yanayofunguka badala ya kile kioo kilichofungwa na feni moja inayozungusha pumzi zetu wenyewe. Kuwe na mahali pa kulala tanboi mbali kidogo na mabomba ya moshi. Na kaunti iwape akina mama wa vibanda nafasi ya kupata majiko yenye moshi kidogo kwa bei wanayoiweza, badala ya kuja kila mwaka kuwabomolea.

Lingine ni gumu kwa sababu ni la pesa: siku ya ugonjwa. Dereva wengi na karibu matanboi wote hulipwa kwa safari. Akikaa chini kwa homa siku tatu, hana cha kupeleka nyumbani, na kuna kijana mwingine anayengoja kiti chake. Kwa hiyo anasema mwili umezoea. Angesema nini kingine? Nimewasikia wenye malori wakidai haiwezekani kumlipa mtu aliyelala. Lakini wao ndio walioona 2020 na 2022 hasara ya trela moja kusimama wiki nzima, na hawakukosa pesa ya kulipia hiyo. Siku tatu za posho kwa tanboi mwenye homa ni nafuu kuliko siku moja ya trela iliyosimama. Wanaojua hesabu za usafirishaji wanielekeze pale nilipokosea.

Kwa sisi wa mtaani, wala sisemi tukae ndani kila tukipiga chafya, tungekufa njaa. Ila tofauti kati ya kikohozi cha moshi na homa inayopanda unaijua mwenyewe. Ukiwa na homa, hiyo siku usibebe mtoto wa mtu kwenye boda bila barakoa. Ukirudi nyumbani usiku na una kamasi, mwache mchanga alale upande wa mama yake hadi ipite, hata kama umemkosa siku tatu. Na ukisikia bosi akimwambia mwenzako kwa simu kwamba “hiyo ni homa tu, ulishapata mwaka jana”, mwambie mwenzako apokee kwa spika, ili sote tusikie kampuni inatoa matibabu gani pamoja na huo ushauri.

Juzi, wiki ya mvua, foleni ya upande wa Amagoro ilikuwa haisogei tangu alfajiri. Nilihesabu malori ishirini na tatu yaliyowashwa kabla sijaacha kuhesabu, na chini ya la tatu palikuwa na mtu amelala kwenye gunia, amejifunika koti hadi kichwani, kichwa kikiwa upande wa bomba la moshi kwa sababu huko ndiko kulikuwa na joto.